Barua ya Wazi kwa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani

Waheshimiwa Wahandisi,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwenu. Anayeumwa ni Shinkolobwe peke yake.

Hamjaisahau, natumaini. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mgodi huo wa Katanga, Kongo, karibu na Likasi, ulikuwa umejaa maji. Mkaja na pampu, mkayavuta, mkapanua hadi viwanja vya ndege, na humo ikatoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoichoma Hiroshima. Kazi yenu ilikuwa safi. Mlichosahau kupakia ni ufagio.

Kwa hiyo tulifurahi kusikia kwamba mwaka 1997 Bunge lenu liliwakabidhi kazi ya kusafisha maeneo yaliyochafuliwa na utengenezaji wa mabomu ya aina hiyo. Kule Staten Island, New York, palipowekwa ghalani tani zipatazo 1,200 za mawe yetu kabla hamjayanunua mwaka 1942, udongo umepimwa. Kule St. Louis, yalikosafishwa, mnafukua kingo za kijito cha Coldwater na kuupakia udongo kwenye treni uende mbali na watu. Hongereni, kwa dhati kabisa.

Ila mtueleweshe sisi wasio wahandisi: jiwe hilihili huanza kutoa mionzi likishavuka Atlantiki? Maana huku mashimo yalizibwa kwa zege uhuru ulipokaribia, vifusi vikaachiwa mvua. Wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti kwa sururu na mikono mitupu. Januari 2004 rais wa Kongo akapiga marufuku uchimbaji. Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka, likaua watu wanane. Hiyo ndiyo programu yetu ya usafi: amri kwenye karatasi.

Mtajibu kwamba mgodi ulikuwa wa Union Minière ya Wabelgiji, na kwamba Kongo leo ni nchi huru. Ni kweli, na Brussels nayo inasubiri barua yake. Lakini mlipoyataka mawe, hamkuuliza mwenye nchi ni nani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Basi rudini, njia mnaijua. Safari hii pampu ziacheni nyumbani, leteni vipimo vya mionzi na yale mabehewa ya St. Louis.

Wenu anayesubiri,
Jirani wa Shinkolobwe