Somo la Kwanza

Korongo alitua kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa bado zimeanikwa vijijini. Alitokea Ulaya na begi la chaki. Alikuwa amejitolea kufundisha: mshahara hakuutaka, alitaka tu kijiji kipate elimu na yeye aikwepe theluji.

Mwenyekiti wa kijiji, Chewa, ambaye mdomo wake ni mpana kuliko hoja zake, alimhutubia mgeni mpaka maji yakapwa, yakamwacha tumbo mchangani. Wajumbe wakamsukuma hadi kilindini, naye akamalizia kushukuru huko huko.

Kamati ya shule ilikuwa na swali moja tu: mwalimu anakula nini? Nusu ya wanafunzi walikuwa vikaa na waliobaki vyura, kwa hiyo halikuwa swali la ukarimu. Tena tangu mwaka 2000 pwani ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na vikaa wanazijua haki zao. Wakaandikiana mkataba: mwalimu hatamla mwanafunzi saa za kazi.

Jumatatu ilikwenda kwa sindimba na ming'oko ya kuchemsha. Jumanne Korongo akabandika ratiba: saa nne asubuhi, Hesabu, saa kumi jioni, Sayansi. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu. Saa nne maji yalikuwa yamepwa, darasa zima limekwenda kuchokoa chaza na mama zao. Saa kumi wanafunzi walirudi, na bahari nayo ikaingia darasani. Ubao ukaelea kuelekea Msumbiji.

Chini ya mlilana, mlangoni pa tundu lake, Mwalimu Kaa Koko alikuwa akijaza daftari la mahudhurio. Ndiye mwalimu wa shule ile miaka yote: wanafunzi mia na ishirini, chaki nusu.

“Mwalimu mwenzangu,” Korongo akauliza, “ratiba hapa anapanga nani?”

“Mwezi,” Kaa akajibu. “Kesho maji yatachelewa kama dakika hamsini. Na sisi tutachelewa nayo.”

Jumatano, ratiba ikiwa imerekebishwa, Korongo alifundisha Somo la Kwanza: Samaki anaishi majini. Wanafunzi walikunja nyuso, wakakuna vichwa, kikaa mmoja akakosea kwanza kwa heshima. Kufikia adhuhuri wote walikuwa wamelijua. Korongo akagawa pipi, akaandika barua nyumbani: watoto wa huku ni vipaji vitupu, somo la wiki nzima wamelimaliza asubuhi moja.

Alhamisi akafungua Somo la Pili. Darasa likawa kimya.

“Huyu anaendelea!” chura mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Korongo akaomba kuona madaftari. Ukurasa wa kwanza: Samaki anaishi majini, na nyota ya Heroe. Wa pili: Samaki anaishi majini, na nyota ya Membe. Wa tatu, vivyo hivyo, nyota ya Mbayuwayu. Akaligeuza daftari juu chini, akalifungulia nyuma. Huko ndiko yalikokuwa masomo ya Mwalimu Kaa: chumvi, kugawanya, mizizi ya mkoko, mpaka somo la thelathini, mengi hayajasahihishwa. Kila alipokuja mgeni, vipindi vya Kaa vilikuwa vinachukuliwa.

“Kwa nini hamkuniambia kwamba mnajua?”

“Shikamoo, mwalimu,” kikaa akajibu kwa adabu. “Mgeni akitufundisha tunachokijua, hufurahi. Akifurahi hutoa pipi. Na wewe ulifurahi sana.”

Ijumaa Korongo alikwenda kwa Bibi Kasa, amenuna mpaka mdomo unagusa matope.

“Mjukuu wangu,” Bibi akasema, “mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga. Wakaleta matrekta, wakajenga bandari hapo Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli baadaye iling'olewa, bandari tunayo. Wangeuliza kwanza habari za mvua na udongo, wasingetumia fedha zote zile. Na sisi tuliokuwa tukitazama hatukusema neno, maana vibarua vilikuwapo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe leo ni siku ya tano na bado tunakupikia. Hilo ni kosa letu.”

“Jembe?” Chewa akadakia kutoka kilindini. “Mkiwashikisha wageni jembe hawatarudi, na choo cha shule hakijaezekwa!”

Lakini Jumamosi Mwalimu Kaa alileta jembe lenyewe: madaftari mia na ishirini na kalamu nyekundu.

“Anzia nyuma,” akasema.

“Na kufundisha?”

“Kufundisha nafundisha mimi. Wewe kaa nyuma usahihishe. Wale sita ambao bado hawajui kusoma, wachukue pale chini ya mchu. Usiwape pipi.”

Wiki ile hapakuwa na barua nyumbani. Palikuwa na kusahihisha, na wiki zilizofuata vivyo hivyo. Mwezi wa tatu, kaskazi ilipolegea, Korongo aliondoka bila hotuba, akaacha karatasi mlangoni: Tumefika Somo la 41. Mgeni ajaye asaidie kuanzia la 42.

Novemba iliyofuata akatua Keremkerem na begi la chaki. Chewa alikuwa ameshavuta pumzi ya hotuba. Mlangoni karatasi haikuwapo: vyura walikuwa wameibandua usiku, kwa kuwa Somo la 42 halina pipi. Mwalimu Kaa, anayewajua wanafunzi wake, alikuwa ameandika nakala tatu.