Namna ya Kumlaghai Mtoto Aheshimu Pesa za Chai

Bonasi ya chai ikikaribia, kila mzazi wa Kericho na Bomet hugeuka mhubiri. Fanyeni kazi, wekeni akiba, ogopeni madeni, cha mtu msikiguse. Watoto huitikia kisha huenda zao kucheza. Kitabu cha picha kingewanasa, ila wewe kuchora hujui, wakati huna, na kutoka Mogogosiek hadi duka la vitabu ni nauli. Sogea karibu nikupe njia za mkato. Nyingi ni za udanganyifu, na zote zinafanya kazi.

1. Iba hadithi. Kuna ile ya Kuku Mwekundu aliyewaomba wenzake wamsaidie kupanda ngano, wote wakakataa, na mkate ulipoiva wote wakajitokeza kula. Ilichapishwa katika jarida la watoto la Marekani mwaka 1874, na miaka ya 1970 Ronald Reagan akaisimulia redioni kwa namna yake, kuisuta serikali inayopenda kugawa jasho la wengine. Kama yeye aliigeuza, igeuze na wewe. Ngano iwe chai, mkate uwe bonasi, na Fisi awe anaota jua Kuku akipalilia. Hakuna atakayekushtaki.

2. Usichore. Kata picha kwenye kalenda ya agroveti ya mwaka jana na kwenye mabango ya kampeni, ambayo hayaishi. Ukikosa hata gundi, African Storybook ina vitabu vya picha vya bure kwenye intaneti, vikiwemo vya Kiswahili, na leseni yake inakuruhusu kunakili na kubadilisha maneno. Sasa ujanja wenyewe: bandika picha ya pasipoti ya mwanao mahali pa kichwa cha Kuku. Hakuna mtoto anayechoka kujitazama. Kisha mnyama mwenye busara mvishe leso ya nyanya yake na umbebeshe kikapu chake. Kogo, yaani nyanya, akijiona kitabuni atawasomea wajukuu kila jioni, kwa Kikipsigis, bila kuombwa. Wewe nenda kalale.

3. Kwenye hesabu, acha ulaghai. Chukua risiti ya mizani, ile inayotoka kwenye mashine ya karani pale kituo cha kununulia chai, uibandike ukurasa mzima. Tuseme imeandikwa kilo 14. Tukichukulia malipo ya mwezi ni shilingi 20 kwa kilo, hizo ni shilingi 280. Mchumaji wako umlipe shilingi 8 kwa kilo: 112 zimeondoka, zimebaki 168. Mwache mtoto atoe mwenyewe, kwa kalamu yake, juu ya karatasi hiyo hiyo. Halafu weka mraba, uandike ndani yake NPK 26:5:5, umwambie ni gunia la mbolea. KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, huileta kwa mkopo na kukata kwenye malipo. Atoe tena.

Huu ndio ukurasa ambao watu wazima huuruka wakikimbilia ule wa bonasi. Mtoto akiuruka pia, atakua akidhani bonasi ni zawadi kutoka kiwandani, ilhali ni sehemu ya pili ya malipo ya majani yale yale aliyoyaona yakipimwa Februari.

4. Mlete dalali. Kila hadithi inahitaji mtu wa kushawishi, na huku kwetu anakuja na pikapu na noti mkononi. Mpe Fisi naye chai yake, amuuzie dalali majani kwa shilingi 25 kwa kilo papo hapo. Kuku apeleke kiwandani kwa 20 na kungoja. Mwaka wa hesabu hufungwa Juni 30, bonasi huja karibu na Oktoba. Hapo kishawishi chako kitakuwa kumalizia kwa Kuku kutajirika na Fisi kulia. Usifanye hivyo. Mtoto amewasikia wazee wakilalamika kwamba viwanda vya upande wetu wa Bonde la Ufa hulipa bonasi ndogo kuliko vya Mlima Kenya, na wanasema kweli. Muulize swali: bonasi ifike shilingi ngapi kwa kilo ndipo Kuku ampite Fisi? Zaidi ya 5. Na mbolea ya mkopo Fisi ataipata wapi? Mtoto akishapiga hesabu hiyo, subira ataichagua mwenyewe akijua bei yake. Nami naamini ataichagua, mradi kiwanda kisimwangushe.

5. Gawa bonasi katika kurasa nne: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Oktoba ijaze picha: nyama, viatu, simu mpya ya baba. Januari weka sare ya shule na barua ya karo, basi. Hakuna haja ya kuandika neno. Kama baba ataudhika kuiona simu yake humo, ndiyo raha yake.

6. Mali ya mtu. Ukiandika kwamba shamba la Kuku ni la Kuku, mtoto wa Kericho atainua macho aone chai ya kampuni ikipanda kilima na kushuka kingine, aulize: na lile ni la nani? Usifunue ukurasa haraka. Kampuni kubwa ziliingia hapa miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwapokonya Wakipsigis. Mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwahamisha Walaibon, ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Huwezi kumfundisha mtoto kwamba cha mtu hakiguswi, halafu umfiche cha mababu zake kilivyoguswa. Hapa ondoa kuku, ondoa fisi. Weka ramani, onyesha Kericho na Gwassi, andika miaka hiyo, na umwachie kogo asimulie aliyoyasikia kwa wazazi wake.