Mashua Iliyovaa Nembo

Wanadamu wa Busia waliletewa mpaka wao mwaka 1902, pale mabwana waliokaa ng'ambo ya bahari walipoukata mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda na kuutia katika himaya ya jirani. Lakini wanyama wa nchi hiyo walikuwa na mpaka wao tangu zamani, wameuchora wenyewe, na hawana mgeni wa kumlaumu. Upande wa maawio, kuanzia mafunjo ya Mto Sio hadi vilima vya Samia, alitawala Kiboko, mwenye mwili mkubwa na subira ndogo. Upande wa machweo, hadi lile jabali la Tororo ambalo msafiri huliona kabla hajauona mji wenyewe, walitawala Pimbi, ambao kwa kuwa walikaa juu ya mwamba mrefu waliamini kwamba urefu ule ni wao.

Katikati yao palikuwa na ghuba ya ziwa. Mwenye mbawa aliivuka bila kumwomba mtu ruhusa, na asiye na mbawa aliizunguka kwa kupita kinamasini, mzigo kichwani na matope kiunoni. Kwa hiyo, baada ya vikao vingi, falme mbili zilikubaliana kununua mashua moja ya shirika, ipeleke dagaa huku na kurudisha ndizi kule. Mbao zikachongwa, nyufa zikatiwa kalafati, mlingoti ukasimikwa, na tanga jipya likafungwa kwenye foromali. Unahodha akapewa Kobe, mzee aliyezijua pepo za ziwa lile: ule wa nchi kavu unaosukuma vyombo kuelekea majini alfajiri, na ule wa ziwani unaovirudisha alasiri vikiwa vimejaa.

Kobe aliomba kitu kimoja tu. Jua la ikweta, alisema, huozesha uzi wa tanga kabla maji hayajafanya hivyo, basi apewe turubai la kulifunikia chombo kinapolala: lipandishwe juu ya foromali iliyoshushwa, literemke ubavu huu na ubavu huu, lifungwe kamba chini. Ombi hilo lilikuwa la nguo ya kutosha kulifunika tanga na pishi moja ya mtama kwa mshonaji. Kwa bahati mbaya, lilipita barazani.

"Waheshimiwa," alisema Kenge, aliyekuwa mshauri wa falme zote mbili na kulipwa na zote mbili, "turubai tupu ni fedheha. Wapita njia watajuaje chombo hiki ni cha nani?" Hakuna aliyekumbuka kwamba ghubani hapakuwa na mashua nyingine. Kiboko akataka kinywa chake, kikiwa wazi, chenye meno yote. Pimbi wakataka Jabali. Masika ikaja ikaondoka wakibishana. Dagaa wakaozea ufukweni mwa Sio, ndizi zikaiva hadi kupasuka huko Majanji, upande wa Pimbi, na mashua ikakaa mchangani ikitazamwa. Mwishowe ikaamuliwa kila ufalme upate ubavu wake.

Akaitwa Mnana, fundi ambaye alipaswa kuulizwa mwanzo. Alieleza kwa adabu kwamba rangi hukakamaza nguo na kuifanya ipasuke penye mikunjo, kwamba kiraka cha kushonea hudumu zaidi, ila kila tundu la sindano ni mlango wa mvua, hivyo heri nembo iwe ndogo. Walimshukuru sana, wakaagiza iwe kubwa. Meno ya Kiboko peke yake yalikula uzi wa mwezi mzima. Kazi ilipokamilika, aliyelitazama turubai kutoka omo, pale ubavu huu unapokutana na ule, aliona kinywa kimeachama kikilikaribia Jabali, na Pimbi wakawaita mabalozi wao nyumbani. Kinywa kikafumuliwa, kikageuzwa kuelekea tezi. Kiboko naye akalalamika kwamba ameonyeshwa akirudi nyuma. Alitulizwa kwa kuongezewa meno mawili ambayo hakuwa nayo.

Bado kulikuwa na upepo, ambao haukualikwa barazani. Chombo kilichotiwa nanga moja hugeuka kuufuata, kwa hiyo watu wa Kiboko waliamka asubuhi wakitazamana na Jabali, na jioni watu wa Jabali walitazamana na meno. Zikaongezwa nanga, moja omo na nyingine tezi, mashua isigeuke tena.

Siku ya safari ya kwanza Kobe alipanda chomboni, akaanza kulegeza kamba za turubai.

"Unafanya nini, Mzee?" aliuliza Kenge.

"Ninavua kifuniko, mwanangu, nitweke tanga."

"Na nembo itaonekana wapi?"

"Tanga likiwa juu, kifuniko hukunjwa kikawekwa chini ya ubao."

Nimehudhuria mabaraza mengi katika maisha yangu, na najua kimya cha watu wanaofikiri na kimya cha watu wanaotafuta wa kulaumiwa. Hiki kilikuwa cha pili. Kumbe kile kitu walichokigharimia masika nzima huonekana tu wakati chombo hakiendi popote! Wengine wangecheka, wakaanza upya. Baraza liliamuru kwamba safari ziendelee kama kawaida, ila tanga libaki limefunikwa. Kila abiria akatozwa nauli na kukabidhiwa kafi. Taarifa ya mwaka ikaandika kwamba nembo imeonwa na wasafiri wote, tena kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

Jua nalo likaipausha nembo, kama Kobe alivyosema kuhusu uzi. Likashonwa turubai la pili la kulifunika la kwanza, na juu yake likatiwa kiraka kidogo kuarifu kwamba chini yake kuna nembo.

Akaja mgeni mashuhuri kutoka kusini mwa ziwa, akaomba kuona chombo kikisafiri. Vifuniko vikavuliwa, foromali ikapandishwa, na kutoka katika matambara yaliyobaki wakadondoka Panya na watoto wao, waliozaliwa humo na waliojihesabu raia wa falme zote mbili. Tume ikachunguza, ikakuta kosa ni la nahodha, kwa kuwa katika muda wote huo hakuwahi kulitweka tanga. Kobe akafukuzwa.

Alihamia Majanji, akatafuta mtumbwi mkuukuu, akashona tanga la magunia ya unga, kama wavuvi wengine wa ziwa hilo wanavyoshona hadi leo, maandishi ya msagishaji yakiwa kichwa chini. Alfajiri alitoka, alasiri alirudi, na wenye dagaa wakamfuata. Kabla ya mwezi kuandama, baraza likamfungulia shtaka la kutweka alama isiyosajiliwa, na Kima tarishi akapewa hati ampelekee ng'ambo.

Mashua ya shirika haikupata wapiga kafi siku hiyo. Kima aliketi ufukweni mwa Sio hadi alasiri, kisha akalipa nauli kwa chombo pekee kilichokuwa kikiondoka. Walipofika katikati ya ghuba alimkabidhi nahodha ile hati. Kobe alitazama muhuri, akaona upepo unaanza kushika, akamwomba tarishi amshikie demani kwanza, kwani shtaka wangeweza kulisoma wakishafika Majanji.