Yah: Dola ya 1804 Aliyozawadiwa Sultani

Kwa Mheshimiwa Sana Mkurugenzi,
Kiwanda cha Serikali cha Kufua Sarafu, Marekani.

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuombea afya njema, wewe na mitambo yako yote. Naomba pia radhi kukusumbua kwa jambo la karibu miaka 200, nikijua fika kwamba wewe binafsi hukuwepo.

Septemba 1833 mjumbe wenu, Bwana Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara kule Muscat na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Serikali yenu ikataka kumtunukia zawadi, na kiwanda chako kikaagizwa kuandaa seti ya sarafu za Marekani. Hapo ndipo ofisi yako tukufu ilipokwama: dola ya fedha ilikuwa haijafuliwa kwa miaka 30. Wakubwa wakapekua madaftari, wakaona dola za mwisho zilitoka 1804, wakachonga mwaka huo na kuzifua mwishoni mwa 1834. Kwa unyenyekevu nadokeza kwamba hata hizo za 1804 zilifuliwa kwa mihuri ya miaka ya nyuma. Mliiga, basi, sarafu ambayo haikuwahi kuwapo. Ustadi huo wengine tunauonea wivu.

Zawadi ilifika 1835. Mwaka 1840 Sayyid naye alituma jahazi lake Sultana hadi New York, na miongoni mwa zawadi zake walikuwamo farasi. Umri wa farasi, Mheshimiwa, husomwa menoni, na menoni hapachongwi mwaka wa uongo.

Usidhani watu wa pwani tunachagua sana miaka. Riale ya Maria Theresa iliendelea kufuliwa miaka na miaka baada ya malkia huyo kufa, daima ikiwa imeandikwa 1780, na Unguja tuliipokea bila swali. Lakini ile ilifanya kazi. Ilinunua karafuu, ilinunua pembe na, Mungu atusamehe, ilinunua watu. Dola yenu haikununua hata kibaba cha mtama.

Ndiyo maana, pamoja na kuitwa mfalme wa sarafu za Marekani, wapo wakusanyaji wa hukohuko kwenu wasiovutiwa nayo kabisa. Wanasema si sarafu, ni kumbukumbu ya ubalozi iliyovishwa tarehe ya kuazima. Nami, kwa heshima zote, niko upande wao.

Halafu kuna lile la miaka ya 1850 kuelekea mwisho, ambalo naona haya hata kulitaja. Baadhi ya watumishi wa kiwanda chako waliifua tena kwa siri, wakijua wapo matajiri wanaoitafuta. Moja waliipiga juu ya sarafu ya Uswisi ya 1857. Ukiikazia macho, alama za Kiswisi bado zinachungulia chini ya tai wenu, yaani sarafu ya 1857 imekaliwa na mwaka 1804. Imehifadhiwa katika makumbusho yenu ya Smithsonian, kwa hiyo ushahidi mnautunza wenyewe, tena vizuri.

Bei siigusi, maana hainihusu. Ile inayoaminika kuwa ndiyo ya Sayyid Said iliuzwa dola 4,140,000 mwaka 1999, kisha dola 7,680,000 mwaka 2021. Mnunuzi ana haki ya kupenda anachopenda.

Ombi langu ni dogo, wala halihitaji kikao cha bajeti. Kila ofisi yako itakapoitaja sarafu hii, mbele ya 1804 iongezwe mabano yenye maneno manne tu: ilifuliwa 1834 kwa zawadi. Kwa zile za siri, naiachia busara yako itafute maneno ya staha.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Unguja