Namna ya Kuwa Bingwa wa Chachu Bila Kuonja Pombe

Ndugu yangu, vuta kiti. Una shahada, una koti jeupe, na una hamu ya kuitwa profesa kabla mvi hazijakuwahi. Usihangaike. Fani ya chachu, vimeng'enya na vyakula vya kuchachusha inakufaa sana, maana kazi nzito hufanywa na vijidudu, tena usiku, wewe umelala.

1. Chagua kiumbe kisicho na maneno. Chachu haidai posho. Ipe sukari na joto, na kila saa mbili hivi imeongezeka maradufu. Mwenzako anayetafiti tembo wa mbugani husubiri miezi 22 kupata ndama mmoja. Wewe shughulika na tembo la mnazi, au mbege, ile pombe ya ndizi.

2. Nenda ukagundue kinachojulikana. Panda Kilimanjaro hadi kwa mama mpika mbege. Atakuonyesha ndizi zilizochemshwa zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa, na uji wa kimea cha ulezi unaochanganywa humo, na gome la msesewe la kutia uchungu. Muulize kimea cha nini. Atasema, "Bila kimea haiivi, mwanangu." Wewe andika: vimeng'enya vya ulezi ulioota huvunja wanga kuwa sukari, nayo chachu huigeuza sukari kuwa alkoholi. Ni lile lile alilosema, ila la kwako lina tiketi ya ndege. Omba kichupa kimoja. Akikuambia usubiri hadi kesho, mwambie gari linaondoka. Wala usionje, hiyo si pombe tena, ni sampuli.

3. Toa jina. Hapa historia iko nawe. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alitenga chachu kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe, hii hii yetu. Chachu hiyo ina umbo la kijiti na huzaliana kwa kukatika katikati, kama muhogo chini ya kisu. Mwaka 2001 Mwingereza Paul Nurse akawa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel, kwa kazi aliyoifanyia chachu hiyo hiyo. Aliyeipika pombe ile hatumsikii akitajwa. Umeona ufundi? Pombe imeingia kwenye vitabu, mpishi kabaki na moshi wake.

4. Usitupe sahani ya maabara iliyoharibika. Ijumaa ulikimbilia daladala ukaiacha wazi. Jumatatu imeota manyoya ya kijani. Mshamba ataiita ukungu. Wewe iite "jamii changamano ya vijidudu" na uipige picha kwa darubini. Picha ya rangi haijawahi kukosa mtetezi.

5. Rudia jaribio mara tatu, kisha penda moja. Mawili yaliyokupinga yana matatizo ya umeme.

6. Gawa kazi kwa haki. Mwanafunzi akeshe akipima uchachu wa povu kila saa mbili. Wewe pima urefu wa orodha ya waandishi wa makala. Yeye akae mbele, wewe ukae mwisho kabisa, pale wanapokaa wakubwa, kama mzee anayechelewa harusini ili watu wasimame.

7. Funga kwa maneno haya: "Utafiti zaidi unahitajika." Usiyadharau. Ni kama machicha ya jana yanayobakizwa chunguni: ndiyo yatakayochachusha ruzuku ya mwakani.

8. Rudisha matokeo kwa wananchi. Beba projekta, soda na bango lenye nembo ya mfadhili. Mweke yule mama mstari wa mbele, umwonyeshe michoro yako yote, umweleze kwa upole jinsi pombe yake inavyofanya kazi. Atakusikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha atauliza:

"Ile niliyokupa, uliionja?"

Utasema hapana, mama, ilikuwa sampuli.

"Ningeshangaa. Nilikuambia usubiri kesho. Ile ilikuwa haijaiva."

Ukumbi utacheka. Usitaharuki, wala usiangalie sakafu. Kunja bango taratibu, tabasamu kwa mfadhili, na urudi hatua ya 7.