Mashine Inanguruma, Maziwa Hakuna

Jamani, watu tuna mambo! Sogea hapa kwenye benchi, muuza kahawa akumiminie, nikupe ya mtaani kwetu. Najua na kwenu yapo.

Kuna jamaa yetu, mkewe kajifungua, likizo ya uzazi imekwisha na amerudi kazini. Akiwa huko anakamua maziwa kwa pampu ya umeme. Juzi jamaa kaja kijiweni kanuna: "Shemeji yenu maziwa yamekata. Naenda kununua ya kopo." Uuuwi, benchi zima likageuka hospitali! Mmoja kasema ni jicho la watu. Mwingine kasema mama hashibi, apikiwe mtori. Wa tatu, ambaye hata mtoto hana, kasema wanawake wa siku hizi matiti yao ni pambo tu. Mungu atusamehe.

Bahati akapita bibi mmoja, mkunga mstaafu. Tukamwamkia, tukamweleza. Hakuuliza habari ya mke, aliomba aletewe mashine. Akachomoa kile kimpira cha silikoni chenye mdomo wa bata, akakibonyeza kidogo, akakielekeza kwenye mwanga. Kimechanika! Mwanya unaonekana waziwazi. Kumbe tangu pampu inunuliwe hakijabadilishwa hata mara moja.

Haya, niambie hapo kosa la mama ni lipi? Kimpira hicho ndicho vali. Mashine ikivuta kinajibana, ikiachia kinafunguka maziwa yadondoke kwenye chupa. Kikichoka, hewa inapenya na mvuto unapotea. Mota yenyewe inaendelea kunguruma vilevile, ndiyo maana hakuna anayeishuku. Titi linabaki na maziwa, na titi lisipomalizwa kila mara, mwili nao unapunguza kuyatengeneza. Mama anakamua huku analia, mume ananuna, mawifi wananong'ona, wakati mwenye hatia kakaa ndani ya chupa!

Hapo ndipo ninaposonya mpaka meno yauma. Jamaa huyohuyo ana bodaboda: oili anabadilisha kwa tarehe, breki ikilia kidogo tu yuko kwa fundi. Lakini kimpira kinachomlisha mwanawe anangoja kife chenyewe. Mama anayekamua mara kadhaa kila siku anahitaji vali mpya takriban kila mwezi. Anayekamua mara mojamoja anaweza kufika miezi miwili au mitatu. Faneli, ile inayokaa kwenye titi, hudumu zaidi, ila ikipata ufa ni ya kutupa. Na isibane chuchu: wanawake hawakuumbwa kwa kipimo kimoja, hata kama boksi limekuja na faneli ya milimita 24 peke yake.

Mpira wa hewa, ule mrefu unaounganisha mashine na faneli, nao una visa vyake. Mtu anauchovya kwenye maji kila siku, halafu anashangaa umeota ukungu. Kama maziwa hayajaingia ndani, hauhitaji kuoshwa. Ukiona matone ya mvuke, washa mashine dakika chache ukiwa umechomekwa peke yake, ukauke. Ukishaota ukungu, tupa. Usiusuguesugue kwa njiti, mpenzi, tupa!

Na usafi, yarabi toba! Nimeona kwa macho yangu faneli inaelea kwenye sinki moja na sufuria ya dagaa, inasuguliwa kwa dodoki la vyombo, kisha inafutwa kwa kanga ya kiunoni. Vifaa hivi vinataka beseni lake na brashi yake, maji ya moto na sabuni, mara tu baada ya kukamua, kisha vikauke vyenyewe mahali safi. Mtoto akiwa chini ya miezi miwili, au njiti, au mwenye kinga dhaifu, vichemshwe kila siku kwa dakika 5. Wala msiseme nawatisha. Mwaka 2016 huko Marekani mtoto njiti aliugua vibaya kwa bakteria waitwao Cronobacter, na bakteria hao wakakutwa kwenye vifaa vya pampu ya mama yake. Vilikuwa vikilowekwa kwenye maji ya sabuni kwa saa nyingi.

Halafu kuna hawa wa kuazimana. Dada kamaliza kunyonyesha, pampu inakwenda kwa wifi, kwa wifi inakwenda kwa jirani, na mpira wake uleule! Pampu nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa mama mmoja, maana maziwa huweza kupenya hadi ndani kwenye mota, mahali ambapo hakuna brashi inayofika.

Wakubwa wa maofisi nao wanisikie. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Mama akikamulia chooni na kuosha vifaa kwenye sinki la kunawia, aibu ni ya ofisi.

Basi ndugu yangu, ukitoka hapa nenda kaitazame hiyo vali kwenye mwanga. Ikiwa imechoka, nunua inayoingia kwenye mashine hiyohiyo, na nyingine ya akiba, kabla hujakanyaga dukani kuulizia bei ya kopo. Na shemeji yetu umwombe radhi.