Kihiyo Apewe Maua Yake

Cheti halali kina kiburi. Kinamtaka mtu aamke alfajiri kuwahi kiti ukumbini, aishi kwa madesa na chipsi kavu, asubiri bumu ambalo likifika linakuta madeni yamekwishajipanga foleni, ale supu ya somo moja mwaka wa pili na anusurike kudisko mwaka wa tatu. Baada ya yote hayo kinampa GPA ya 2.9 na kumwambia ashukuru. Cheti feki hakina roho hiyo. Kinauliza mambo mawili tu: jina liandikweje, na malipo yanaingia lini.

Upole wa namna hii haujasifiwa inavyostahili. Watanzania angalau walijaribu. Miaka ya 1990 elimu ya mbunge mmoja wa Temeke ilipozua kesi mahakamani, mtaa uliliokota jina lake la ukoo, na tangu hapo kila mwenye elimu ya kuungaunga akaitwa kihiyo. Ni maprofesa wangapi wameiachia lugha neno jipya?

Tuanze na ukarimu wa cheti feki. Mwaka 2004 chuo kilichojiita Trinity Southern University, cha Texas, kilipokea maombi ya Colby Nolan wa Pennsylvania, mwenye umri wa miaka sita na mkia. Colby alikuwa paka. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania ilimtumia kama chambo, na wasifu wake ukaeleza kwamba amewahi kulea watoto na kusimamia biashara ya rejareja. Aliomba shahada ya kwanza kwa dola 299. Chuo kikausoma wasifu, kikaona kijana anajishusha bure: kwa uzoefu huo anastahili shahada ya uzamili, aongeze dola mia tu. Transkripti ikaja na GPA ya 3.5. Miaka mitano baadaye mbwa wa Vermont aitwaye Chester Ludlow naye alitunukiwa uzamili, safari hii na Rochville University.

Siri ya ukarimu huo ni maneno mawili matamu: uzoefu wa maisha. Vyuo halali vipo vinavyotambua ujuzi wa kazini, lakini huupima kwa mtihani au kwa jalada la kazi zilizofanyika, na mwisho wake humsamehe mwombaji baadhi ya masomo. Chuo hewa hakina ubahili huo. Kinatoa shahada nzima, kwa bei moja ya jumla, na mnunuzi akitaka kuwa amehitimu mwaka 1998, atakuwa amehitimu mwaka 1998.

Tena kinaajiri. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa na tovuti mamia za vyuo ambavyo havikuwa na darasa wala ubao. Kulikuwa na Columbiana, kulikuwa na Barkley. Majina yanayopita ubavuni mwa majina makubwa kama bodaboda inavyopita ubavuni mwa lori, karibu kugusa. Soko nono lilikuwa Ghuba, na sababu inaeleweka. Huko shahada ya mgeni haitoshi kuwa shahada, sharti igongwe mihuri ya kuithibitisha, kwa hiyo muuzaji mwenye huruma huuza shahada kwanza, kisha humuuzia mteja yuleyule na uthibitisho. Mmisri mmoja alilipa dola 12,000 kwa udaktari wa uhandisi kutoka Nixon University, pamoja na hati yenye saini ya John Kerry, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Kazi yake bwana yule ilikuwa matangazo ya biashara.

Uzuri wa sura nao usisahaulike. Ofisa utumishi akikiweka cheti feki mezani, macho yanafurahi kabla akili haijaamka: nembo ya dhahabu inayong'aa kama kibati cha soda, utepe, Kilatini cha kutosha misa mbili, na sentensi inayosema chuo "kinatambuliwa kimataifa". Na nani? Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, kuna jina la bodi ya ithibati. Bodi hiyo ikitafutwa, mara nyingi hukutwa inaishi nyumba moja na chuo, kama mshenga aliyejiposea mwenyewe. Cheti halali cha miaka ile, maskini, kimepauka na kimekunjika pembeni, na jina la kati limekosewa herufi moja ambayo mwenyewe anahangaika nayo mpaka leo.

Anayetaka vya nyumbani hakosi. Kampala ina Nasser Road, Nairobi ina River Road, mitaa ya wachapaji ambako sifa ya kughushi nyaraka imekaa miaka mingi. Huko hakuna haja ya kubuni chuo. Cheti kinazaliwa na jina la chuo cha kweli. Na mavuno yameonekana. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli wa Tanzania alipokea ripoti ya uhakiki iliyowakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja, yaani karatasi moja ikilisha nyumba mbili, upendo ambao hata ndugu wa damu hawana siku hizi. Ripoti ilikabidhiwa katika ukumbi wa Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kenya nayo, mapema mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza vyeti 2,067 vya kughushi.

Uhakiki ule wa Tanzania ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, ambavyo Baraza la Mitihani, NECTA, lina kumbukumbu zake. Wengi wa waliotajwa walikuwa wakitafuta mshahara, na njaa haina sifa. Mapenzi ya kweli yako kwingine. Kwa upande wa elimu, Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika, Kiswahili au Kiingereza, basi. Kwa hiyo mwanasiasa anayetoa dola zake kununua udokta wa chuo kisicho na anwani hauhitaji hata kidogo. Anaupenda tu. Ni profesa yupi aliyeipenda elimu kiasi hicho?

Wasiokuwa na mapenzi wana mbinu zao za kuvunja ndoa. Hutazama orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na mamlaka ya nchi ambako chuo kinadai kuwapo. Kwa Tanzania hupeleka shahada ya nje kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itambuliwe na kulinganishwa. Kwenye usaili huuliza maswali ya kijinga. Nani alisimamia tasnifu yako? Somo gani lilikutesa? Mhitimu wa kweli hapo hulalamika robo saa, kwa majina. Mwenye cheti feki hakuteswa na somo lolote, na husema hivyo kwa tabasamu.

Kisha hupiga simu. Ofisi ya msajili wa chuo halali, simu huita mpaka ikakata. Ikipokelewa, mpigaji ataambiwa aandike barua, alipie ada na asubiri. Axact wauzaji walikaa kwenye simu kwa zamu, usiku na mchana. Kwa hiyo ikipokelewa mlio wa kwanza, wakati huko Marekani chuo kinakodai kuwapo ni saa nane za usiku, na sauti ya upole ikathibitisha kila kitu kabla mhitimu hajatajwa jina, ofisa anaweza kuweka kalamu chini.